Nimetuma makala kwenye jarida na sasa nataka kuitoa, nifanyeje?

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja kuhusu jambo moja, watu wametuma makala zao kwenye majarida ya kitaaluma halafu wamebadili mawazo. Nimechagua manne, la kwanza nimelijibu kwa kirefu maana ndo linawagusa wengi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisabmiti makala ya utafiti wangu wa uzamili kwenye jarida fulani, miezi imepita na kila nikifungua akaunti inaandika ipo kwa mhariri tu, haiendi mbele hairudi nyuma. Sasa nimepata jarida lingine naona linajibu haraka. Rafiki yangu kaniambia nitume tu na huko, atakayejibu wa kwanza ndo nimpe, ile nyingine nitaitoa baadae kimya kimya. Je ni sawa? Na kama nataka kuitoa naandika nini, maana naogopa jina langu litachafuka kwa wahariri. Supavaiza bado sijamwambia. — Mwenye haraka

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na huyo rafiki yako, maana ushauri wake utakuponza kabla hata hatujafika kwenye barua. Makala moja kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja ni marufuku karibu kila mahali, na ukikumbuka vile vibox ulivyotiki siku unasabmiti, kuna uwezekano mkubwa kimojawapo kilisema makala hii haiko mezani kwa jarida lingine lolote. Ulitiki, kwa hiyo ulishaahidi. Miongozo ya ICMJE, ile kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inakataza hata kutuma andiko lilelile kwa lugha mbili tofauti kwenye majarida mawili kwa pamoja, nalisema hili kwa sababu kuna watu wanadhani moja ikiwa ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza basi wameshapona.

Na usijidanganye kwamba hawatajua. Watu wengi wanaogopa zile programu za kukagua maandishi yanayofanana, lakini mara nyingi mtu anakamatwa kirahisi zaidi ya hapo. Mada yako ina wataalamu wachache wanaoijua vizuri. Mhariri wa jarida la kwanza anamwomba profesa fulani aipitie, baada ya muda mhariri wa jarida la pili naye anamwomba profesa yuleyule, anafungua faili anakuta kichwa kilekile, jedwali namba 2 lilelile, hadi neno lililokosewa tahajia kwenye ikisiri liko palepale. Anawaandikia wahariri wote wawili jioni hiyohiyo. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, wewe hapo yameponyoka yote, na baadhi ya majarida hayaishii kuikataa makala tu, yanaandika mpaka chuoni kwako.

Sababu ya ukali wote huu ni kwamba wanaopitia makala kwa kawaida hawalipwi. Mtu anakaa jioni zake anasoma majedwali yako bure kabisa, sasa ukifanyisha kazi hiyohiyo mara mbili sehemu mbili ili wewe uchague, unakuwa umewachezea watu. (Wapo wenye utaratibu wao. Majarida ya sheria ya Marekani yanayohaririwa na wanafunzi yanaruhusu kutuma kwingi kwa pamoja, na ukikubaliwa mahali unawaarifu wengine kwamba umeiondoa. Kwa hiyo kama rafiki yako kasoma sheria huenda kaokota huko, ila kwenye sayansi na fani nyingi nyingine haiendi hivyo.)

Sasa kuitoa kwenyewe. Hiyo ni haki yako ndugu yangu, tena ni jambo la kawaida kabisa, wahariri wanaliona kila mara. Makala ambayo haijakubaliwa na ambayo hujaisainia hakimiliki ni mali yenu waandishi. Ukiiomba mapema na kwa adabu hakuna mhariri wa maana atakayekuwekea kinyongo. Kinachochafua jina ni kuitoa kimya kimya kama alivyosema rafiki yako, au kudanganya sababu halafu mwezi unaofuata makala inaonekana kwingine neno kwa neno.

Ila kabla hujaitoa, uliza. Nasema hivi kwa sababu hayo maandishi kwenye akaunti yako hayasemi ukweli wote. "Ipo kwa mhariri" inaweza kuwa na maana kwamba mhariri amewaomba watu kadhaa waipitie, wengine wamekataa, wengine hawajajibu hata imeili, na sasa anatafuta wengine, yote hayo wewe huyaoni. Kuna makala inaonekana imelala kumbe ripoti ya kwanza imeshaingia na inasubiriwa moja tu. Ukiitoa hapo umejirudisha mwanzo wa foleni kwenye jarida jipya kwa sababu ya kukosa uvumilivu wa wiki mbili. Andika imeili fupi, taja namba ya makala, uliza imefika wapi na wanategemea jibu lini, basi, usilalamike. Kama kwenye ukurasa wao wameandika muda wa wastani wa kupata uamuzi, linganisha na muda uliokaa wewe, utajua kama una haki ya kukasirika au ni presha tu ya kuhitimu.

Wakikujibu kitu cha maana, subiri. Wakikaa kimya au wakakwambia hawajapata hata mpitiaji mmoja, itoe kwa roho safi.

Hapo ndo anaingia supavaiza wako, na hili sikubembelezi. Kama jina lake lipo kwenye makala, huwezi kuitoa bila yeye kujua, na siyo yeye tu, kila mwandishi mwenye jina pale lazima akubali. Nenda umwambie leo. Majarida mengi yakipata ombi la kutoa makala yanataka uthibitisho wa waandishi wote, wengine wanamwandikia kila mmoja kwa anuani yake, sasa fikiria profesa wako anapata habari hiyo kutoka kwa mhariri badala ya kwako.

Mkishakubaliana, anayeandika ni yule mwandishi wa mawasiliano, yaani yule ambaye imeili yake ndo ilitumika kusabmiti. Angalia kwanza kwenye mfumo kama kuna kitufe cha kuondoa makala, baadhi ya majarida wanacho, wengine hawana na inabidi mhariri mwenyewe aifunge upande wake. Hata ukikikuta kitufe, bado tuma imeili. Na tafadhali, kufuta akaunti yako au kuacha kujibu imeili zao siyo kuitoa makala, kwao faili bado liko wazi.

Barua yenyewe isiwe gazeti. Kwenye mada ya imeili weka "Ombi la kuondoa makala" na namba waliyokupa, halafu ndani kitu kama hiki:

"Ndugu Mhariri, naandika kwa niaba ya waandishi wote wa makala namba (weka namba) yenye kichwa (weka kichwa), tuliyoituma tarehe (weka tarehe). Baada ya kushauriana tumeamua kuiondoa makala hii isiendelee kufikiriwa na jarida lenu, kwa sababu muda wa kusubiri uamuzi umezidi ule tuliotarajia na tuna ratiba ya kukamilisha masomo. Waandishi wenzangu wote wamekubali na nimewanakili hapa. Tunaomba mtuthibitishie kwa maandishi kwamba makala imefungwa. Tunawashukuru wewe na wote waliotoa muda wao."

Imetosha. Umeona sababu ilivyokaa, sentensi moja na ni ya kweli. Usizue kwamba mmegundua kosa kwenye data kumbe mnataka jarida lenye jina kubwa zaidi, kosa la data ni neno zito, likibaki kwenye kumbukumbu zao na makala hiyohiyo ikatoka kwingine bila kubadilika hata nukta, mtaulizwa lile kosa liliishia wapi. Ukiona sababu halisi haipendezi sema "kwa sababu zetu za kitaaluma", hawatakufuata nyumbani. Na kama sababu ni kwamba umeshtukia ada ya uchapishaji huwezi kuilipa, usitoe kwanza, waombe msamaha wa ada, mashirika makubwa ya uchapishaji mengi yana utaratibu wa kusamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, ila wengi wao wanataka uombe siku unatuma, siyo baada ya kukubaliwa.

Ukishatuma, subiri. Hapa ndo watu wanateleza, wakibonyeza tu "tuma" dakika hiyohiyo wanasabmiti kwingine. Makala haijatoka mpaka jarida likuandikie kwamba imetoka, na hiyo imeili yao itunze, siku ukiulizwa na jarida la pili unawaonyesha. Wasipojibu, rudia baada ya wiki moja au mbili, nakili kwa mhariri mkuu na ofisi ya uhariri, na kama bado kimya nenda kwa shirika linalochapisha jarida lenyewe. Kama jarida ni mwanachama wa COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanza Uingereza 1997, unaweza kupeleka malalamiko kwao, ila uwe umeshamaliza ngazi za jarida kwanza. Na wao hawatakutolea makala, wanachoangalia ni kama jarida limefuata taratibu.

SWALI: Habari za kazi. Mimi nilipata imeili ya kunisifia sana kwamba mimi ni mtafiti mashuhuri niwatumie makala, nikatuma, siku chache tu wakasema imekubaliwa bila marekebisho hata moja na ankara juu. Nilipoona bei nikaomba kuitoa, wanasema lazima nilipe ada ya kuitoa la sivyo wataichapisha hivyohivyo. Nimechanganyikiwa, nilipe yaishe? — Mtafiti mashuhuri (kwa mujibu wao)

JIBU: Nimecheka hiyo saini yako lakini pole sana. Usilipe. Kwa unavyoeleza umeangukia kwa jarida la kitapeli, na mbinu hiyo ni ya zamani, wanajua makala ikishika kwao huwezi kuituma kwingine kihalali kwa hiyo wanaishikilia kama mateka.

Mambo haya yameshafika hadi mahakamani. Mwaka 2016 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliishitaki kampuni ya uchapishaji ya OMICS Group yenye makao India, na kati ya malalamiko ilikuwa kwamba ada ilikuwa haisemwi wazi mpaka makala ikubaliwe, na kwamba waandishi wakiomba kuzitoa makala zao mara nyingi walikataliwa. Mwaka 2019 mahakama iliamuru walipe zaidi ya dola milioni 50. Nakupa hii ujue siyo wewe peke yako na siyo ujinga wako.

Cha kufanya: waandikie imeili moja tu iliyonyooka, useme unaiondoa makala, hujasaini hakimiliki (kama kweli hujasaini, kaangalie zile fomu ulizobonyeza), na hutoi ruhusa ichapishwe. Nakili kwa waandishi wenzio wote. Usibishane nao wala usijibu vitisho, wakituma ankara ya pili ya tatu acha zikae. Piga picha za skrini za kila kitu, ukurasa wao wa ada hasa, maana huo hubadilishwa usiku. Mwambie mkutubi wa chuo, hawa wanaona kesi hizi kuliko hata maprofesa. Wakiichapisha kwa nguvu, siku unapeleka makala kwenye jarida la kweli mweleze mhariri mapema kwenye barua ya utangulizi na umwambatanishie zile imeili, mhariri wa maana ataelewa. Asikie kwako kabla programu yake haijamwonyesha.

Nikuongezee kitu kimoja ili usije ukawaita watu wote matapeli. Kuna majarida halali yanayotoza gharama kama makala imeshakubaliwa, imepangwa kurasa, halafu mwandishi ndo anajitoa. Tofauti ni kwamba hao wameiandika kwenye maelekezo yao kwa waandishi na ulikuwa na nafasi ya kuisoma kabla ya kutuma, wala hawakutishii kukuchapisha kwa lazima. Na wakijigamba ni wanachama wa COPE au wapo kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, usiamini nembo iliyobandikwa kwenye ukurasa wao, nenda kwenye tovuti ya COPE au ya DOAJ ulitafute jina huko.

SWALI: Nimerudishiwa makala na marekebisho makubwa, wapitiaji wametaka nikusanye data upya, mimi siwezi. Nimeamua nisiwarudishie tu, muda wa marekebisho ukiisha itakuwa imejifuta yenyewe si ndio? Halafu naipeleka kwingine. — Nimechoka

JIBU: Hapana. Kuna mifumo inafunga yenyewe muda ukiisha, kuna mifumo inakuongezea muda bila kukuuliza, na kuna mhariri mwingine anaona umechelewa anakutumia imeili ya kukukumbusha huku makala yako iko jarida lingine. Kuombwa marekebisho maana yake bado uko nao. Waandikie kwamba marekebisho yaliyoombwa yako nje ya uwezo wa utafiti huu kwa hiyo unaiondoa, washukuru, subiri jibu, ndo uende.

Lakini kabla ya hapo, hivi umemuuliza mhariri? Wapitiaji wanapendekeza, anayeamua ni mhariri. Nimeona watu wameandika kwa heshima "data mpya haiwezekani kwa sababu hii na hii, ila tunaweza kupunguza madai yetu na kuongeza aya ya mapungufu ya utafiti" na mhariri akakubali. Kutoa makala iliyofika hatua ya marekebisho ni kuacha mlango ambao umeshafunguka nusu, mimi ningekuwa wewe ningejaribu hiyo imeili moja kwanza. Na ukiondoka, yale maoni ya wapitiaji yafanyie kazi yale unayoyaweza, maana dunia ya fani yako ni ndogo na makala inaweza kumwangukia tena yuleyule aliyekupa maoni, akaona hujagusa kitu.

SWALI: Mwalimu nisaidie haraka. Makala yetu imekubaliwa na jana nimeletewa prufu za kusahihisha. Katika kupitia data nikagundua kwenye umri tulikuwa tunaandika 99 kwa mtu ambaye hakutaja umri wake, na mwenzetu aliyefanya uchambuzi hakuziondoa, kwa hiyo zimehesabiwa kama watu wa miaka 99 kweli. Wastani wa umri umepanda na sijui matokeo mengine yameharibika kiasi gani. Niitoe? Mwenzangu anasema tunyamaze hakuna atakayejua. — Sina usingizi

JIBU: Usinyamaze, na usiitoe leo. Fanya vitu viwili ndani ya siku hii. Cha kwanza mwandikie mhariri na watu wa uzalishaji waliokuletea prufu, sentensi tatu: tumegundua kosa la kuingiza data, tunarudia uchambuzi, tunaomba msiendelee kuchapisha mpaka tuwape jibu tarehe fulani. Weka tarehe kweli. Cha pili, toa hizo 99 zote, rudieni kila kilichogusa umri, siyo wastani peke yake, angalieni hasa zile modeli mlizoweka umri kama kigezo, maana huko ndo kosa dogo linajificha likageuza mwelekeo mzima wa matokeo.

Baada ya hapo jibu litajileta. Kama ni jedwali la kwanza tu limebadilika na hitimisho limesimama palepale, wapelekee takwimu sahihi na maelezo, mhariri ataamua, pengine atarekebisha tu au atairudisha kwa mpitiaji mmoja. Kama hitimisho limeanguka, hapo itoeni, wote mkubaliane, na kwenye barua semeni sababu yenyewe bila kupamba. Mhariri ataudhika kidogo kwa kazi iliyopotea, kisha ataendelea na shughuli zake. Mkiwa mmeshasaini hakimiliki uamuzi siyo wenu peke yenu tena, mnaomba, hamtoi amri, lakini sijui mhariri gani mwenye akili atang'ang'ania kuchapisha kitu ambacho waandishi wenyewe wanamwambia kimekosewa.

Mwambie mwenzio hivi: ikishachapishwa hamna tena kutoa. Inakuwa na DOI yake, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni, watu wameshaipakua, kilichobaki ni tangazo la marekebisho kama kosa ni dogo, au kubatilishwa kama matokeo hayaaminiki. Makala iliyobatilishwa haipotei, kwa kawaida inabaki palepale mtandaoni ikiwa na tangazo la kubatilishwa na majina yenu yote. Miongozo ya COPE inahesabu makosa ya bahati mbaya pia kati ya sababu za kubatilisha, kwa hiyo kusema "hatukukusudia" hakutazuia, japo tangazo linaweza kueleza kwamba ni nyinyi wenyewe mliolitolea taarifa kosa, na wanaosoma hiyo sentensi wanawaona kwa jicho tofauti kabisa na waliofumaniwa.

Na kama mliiweka pia kule kwenye hazina za makala ambazo hazijapitiwa, mfano arXiv, msiisahau, jarida kufunga faili hakugusi nakala ya huko. arXiv wanakuruhusu kuiwekea alama kwamba imeondolewa na kueleza kwa nini, ila matoleo ya nyuma yanabaki yanasomeka, hivyo pandisheni toleo jipya lenye hesabu sahihi au hayo maelezo ya kuiondoa siku hiyohiyo mnayomwandikia mhariri.